Kengele na Njia ya Mkato Ndani ya Kompyuta

Rada ya hali ya hewa hutuma angani pigo fupi la mawimbi ya redio, kisha hukaa kimya na kusikiliza. Mawimbi hayo yanapokutana na matone ya mvua, sehemu ndogo sana ya nguvu yake hurudi ilikotoka kama mwangwi. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa kilometa 300,000 kwa sekunde, mwangwi wa wingu lililo umbali wa kilometa 240 huwasili milisekunde 1.6 tu baada ya pigo kutumwa. Ikiwa umbali huo umegawanywa katika vipande vya meta 250, kompyuta ya rada yapaswa kupokea namba 960 katika muda huo mfupi. Kila namba humfuata mwenziwe kwa maikrosekunde 1.67, yaani chini ya sehemu mbili za milioni za sekunde. Namba isiyopokewa kwa wakati wake imepotea, kwa sababu mwangwi haungoji wala haurudi.

Kwa wakazi wa pwani ya kusini jambo hili si nadharia tupu. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kusini ya mdomo wa mto Ruvuma, na watu wa Mtwara walipewa tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imefunga rada mjini Mtwara, ikiwa mojawapo ya rada zake kadhaa nchini. Mvuvi wa Ufukoni au wa Msimbati anayeamua alfajiri kama ataingia baharini au atabaki nchi kavu hutegemea habari zinazotokana na vyombo vya namna hiyo. Hapana shaka kwamba habari hizo hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia, lakini mwanzo wake ni mashine inayoweza kupokea kila namba kwa wakati wake.

Hapo ndipo linapozuka swali lililo kiini cha makala haya. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hutekeleza maagizo moja baada ya jingine. Inapokuwa katika kupiga hesabu, itajuaje kwamba kifaa fulani cha nje kina habari inayotaka kupokewa? Na ikiwa habari ni nyingi na zinakuja kwa kasi, itapata wapi nafasi ya kufanya kazi nyingine yoyote? Wahandisi walilijibu swali hilo kwa ishara za namna mbili: ishara ya katizo, na ishara ya kuomba njia ya moja kwa moja ya kumbukumbu. Ishara hizo zimo katika kompyuta kubwa na ndogo, ikiwemo ile iliyo juu ya meza ya shule. Hueleweka vyema zaidi mwanafunzi anapoanzia kwenye mashine ya zamani ambayo nyaya zake zaweza kuhesabiwa kwa macho.

BASI LA UPANUZI

Mnamo Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta yake ndogo iliyoitwa IBM PC. Prosesa yake ilikuwa Intel 8088, na saa yake ya ndani ilipiga mara milioni 4.77 kwa sekunde. Juu ya ubao mkuu wa mashine hiyo palikuwa na matundu matano marefu ya kuchomekea kadi za ziada: kadi ya diski, kadi ya picha, kadi ya mawasiliano, na kadhalika. Matundu yote matano yaliunganishwa kwa nyaya zilezile zilizokwenda sambamba kutoka tundu moja hadi jingine. Mkusanyiko wa nyaya hizo ndio uitwao basi la upanuzi. Jina hilo lina asili moja na jina la gari la abiria: ni neno la Kilatini lenye maana ya “kwa wote”.

Kila tundu lilikuwa na miguso 62. Nyaya 8 zilibeba data, yaani baiti moja kwa safari moja. Nyaya 20 zilibeba anwani, na kwa hiyo mashine iliweza kutaja mahali 1,048,576 tofauti katika kumbukumbu. Nyaya nyingine zilileta umeme, mapigo ya saa, na amri za kusoma na kuandika. Zilizobaki, chache kwa idadi, ndizo zinazohusika hapa. Mistari sita ilikuwa ya katizo, nayo huandikwa IRQ2 hadi IRQ7. Mistari mitatu ilikuwa ya kuomba njia ya moja kwa moja, nayo huandikwa DRQ1 hadi DRQ3, na pamoja nayo ilikuwapo mistari ya majibu iitwayo DACK.

KARANI WA GHALA LA KOROSHO

Kabla ya kuingia katika undani wa mistari hiyo, yafaa kutazama kazi inayojulikana na kila mtu mkoani Mtwara. Msimu wa korosho unapofika, magunia huletwa katika ghala, hupimwa, huandikwa katika daftari, kisha hupangwa. Tuseme ghala lina karani mmoja, naye ana hesabu nyingi za kufanya mezani. Karani huyo aweza kupokea mzigo kwa namna tatu.

Kwa namna ya kwanza, kila baada ya muda mfupi anainuka, anakwenda mlangoni, anatazama kama kuna aliyefika, kisha anarudi. Akienda mara nyingi mno, hesabu zake hazisogei. Akienda mara chache mno, mkulima anangoja juani. Katika kompyuta namna hii huitwa kuuliza kwa zamu: prosesa hukipitia kila kifaa na kukiuliza kama kina neno.

Kwa namna ya pili, mlangoni panawekwa kengele. Karani anaendelea na hesabu zake bila wasiwasi. Kengele ikilia, anamaliza tarakimu aliyokuwa akiiandika, anaweka alama mahali alipofikia, anakwenda kupokea mzigo, kisha anarudi kwenye alama yake. Hilo ndilo katizo.

Kwa namna ya tatu, karani anawaajiri wachukuzi na kuwapa cheti chenye maneno machache: magunia haya ni 512, yapangwe kuanzia nguzo ile, na kazi ikiisha kengele ipigwe. Magunia yanaingia ghalani bila hata moja kupita mezani kwake. Hiyo ndiyo njia ya moja kwa moja ya kumbukumbu. Msomaji atambue kwamba namna hii haiondoi kengele. Inaipunguza tu, kutoka mara 512 hadi mara moja.

KATIZO LINAVYOFANYA KAZI

Katika IBM PC mistari ya katizo haikwenda moja kwa moja hadi kwenye prosesa. Ilipitia kwanza kwa bawabu mmoja, kipande cha elektroniki kiitwacho Intel 8259A, ambacho ni kidhibiti cha makatizo. Bawabu huyo alikuwa na milango minane, kuanzia 0 hadi 7. Milango miwili ya mwanzo ilitumika ndani ya ubao mkuu na haikufika kwenye basi: mlango 0 ulikuwa wa saa ya mfumo, iliyokatiza kazi mara 18.2 kwa sekunde ili mashine ijue wakati, na mlango 1 ulikuwa wa kibodi.

Mwanafunzi anapobonyeza herufi, mambo hufuatana hivi. Mstari wa kibodi hupandishwa volti. Kidhibiti hutazama kwanza kama mlango huo umefungwa kwa amri ya programu. Usipokuwa umefungwa, hutazama kama kuna katizo jingine lenye cheo kikubwa zaidi linaloshughulikiwa. Cheo hufuata namba: 0 ni kikubwa kuliko vyote na 7 ni kidogo. Ikiwa hakuna kizuizi, kidhibiti huiashiria prosesa.

Prosesa haiachi agizo katikati. Humaliza kwanza agizo lililo mkononi, kisha hukijulisha kidhibiti kwamba imesikia, nacho hujibu kwa kuweka namba juu ya nyaya za data. Kwa kibodi namba hiyo ni 9. Hapo prosesa huhifadhi mahali ilipofikia katika sehemu maalumu ya kumbukumbu iitwayo rundo. Hiyo ndiyo alama ya karani katika daftari lake. Kisha huizidisha namba 9 kwa 4 na kupata 36, na katika anwani ya 36 ya kumbukumbu hukuta imeandikwa mahali ilipo programu ya kuhudumia kibodi. Jedwali zima la anwani hizo lina nafasi 256, kila moja ikichukua baiti 4, na kwa hiyo hujaza baiti 1,024 za mwanzo wa kumbukumbu.

Programu ya huduma husoma herufi, huiweka akiba, hukiambia kidhibiti kwamba kazi imekwisha, kisha hutoa agizo la kurudi. Prosesa hutoa alama yake katika rundo na kuendelea pale ilipoachia. Programu iliyokatizwa haina habari kwamba kazi yake ilisimama.

Ubora wa mpango huu ni dhahiri: kifaa kisicho na neno hakichukui muda wa mtu. Lakini kengele ina gharama yake, nayo ni ile ya karani kuinuka, kuweka alama, kwenda, na kurudi. Ikiwa mzigo ni wa gunia mojamoja na unakuja mfululizo, karani atakuwa safarini siku nzima.

HESABU YA DISKI

Gharama hiyo yaweza kupimwa. Diski laini ya IBM PC ilisomwa kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde. Ukigawanya kwa 8 utapata baiti 31,250 kwa sekunde, yaani baiti moja kila maikrosekunde 32. Diski huzunguka bila kusimama, na baiti isiyochukuliwa kabla ya inayofuata kufika imepotea.

Katika maikrosekunde 32 saa ya prosesa ilipiga mara 152 hivi. Kuitikia katizo na kurudi kwenye kazi iliyokatizwa huchukua si chini ya mapigo 90, na hapo bado programu ya huduma haijafanya lolote. Ikiongezwa kazi ya kuhifadhi rejista, kuisoma baiti, kuiweka mahali pake, kuihesabu, na kukiarifu kidhibiti, mapigo 152 hayatoshi. Na hata kama yangetosha, prosesa isingebakiwa na nafasi ya jambo jingine. Kwa kengele peke yake, diski hiyo isingeweza kusomwa salama.

Ndiyo sababu IBM PC ikawekewa mchukuzi, kipande kiitwacho Intel 8237A, chenye njia nne zilizohesabiwa kuanzia 0 hadi 3. Njia namba 2 ilikuwa ya diski laini. Njia namba 0 ilikuwa na kazi ambayo wengi hawaijui: kila baada ya maikrosekunde 15 hivi iligusa sehemu ya kumbukumbu kwa zamu ili chaji za umeme zilizobeba habari zisififie. Kwa hiyo mchukuzi huyo alikuwa kazini daima, hata mashine ilipoonekana imelala.

NJIA YA MOJA KWA MOJA

Kusoma fungu la baiti 512 kutoka kwenye diski kulianza kwa cheti. Prosesa iliandika katika rejista za mchukuzi mambo matatu: anwani ya kuanzia, idadi ya baiti, na upande wa safari, kama ni kuingia katika kumbukumbu au kutoka. Kisha ilikiamuru kidhibiti cha diski kianze kusoma, nayo ikaendelea na mambo yake.

Baiti ya kwanza ilipokuwa tayari, kadi ya diski ilipandisha mstari DRQ2. Mchukuzi aliomba basi, prosesa ikazuiwa kwa kitambo kidogo na kutengwa na nyaya. Mchukuzi aliweka anwani ya kumbukumbu juu ya basi, akaijibu kadi kwa mstari DACK2, kisha akatoa amri mbili kwa wakati mmoja: kadi na itoe, kumbukumbu na ipokee. Baiti ikavuka kutoka kadi hadi kumbukumbu bila kuingia katika prosesa. Katika kitambo hicho mstari mwingine, uitwao AEN, ulizitangazia kadi nyingine zote kwamba anwani iliyoko barabarani si yao, zisije zikaitikia wito usiowahusu.

Safari moja ya namna hiyo ilichukua mapigo 5 ya saa, yaani maikrosekunde 1.05. Kwa kuwa baiti zilikuja kila maikrosekunde 32, diski ilichukua kama asilimia 3 tu ya muda wa basi. Hesabu ya baiti ilipokwisha, mchukuzi alitoa ishara ya mwisho wa hesabu. Kazi yote ya diski ilipokamilika, kadi ya diski ilipiga kengele ya katizo kwa mstari IRQ6. Safari 512 zikamalizwa kwa katizo moja.

Thamani ya mchukuzi ilionekana wazi pale alipokosekana. Kompyuta nyingine ya kampuni hiyohiyo, IBM PCjr, iliyotangazwa mwishoni mwa 1983, ilitengenezwa bila kipande hicho ili ipungue bei. Prosesa yake ililazimika kusoma diski yenyewe, baiti kwa baiti, huku imeziba masikio isisikie makatizo. Matokeo yake ni kwamba wakati wa kusoma diski mashine hiyo haikuweza kupokea herufi zilizokuja kwa waya wa mawasiliano.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba njia ya moja kwa moja hushinda kila mahali. Katika kompyuta ya IBM AT ya 1984, yenye prosesa ya kasi zaidi, diski kuu haikumtumia mchukuzi kabisa. Kadi ya diski ilikusanya kwanza baiti 512 katika akiba yake yenyewe, ikapiga katizo moja, na prosesa ikazichota zote kwa mfululizo. Prosesa mpya ilikuwa na mbio kuliko mchukuzi wa zamani. Mhandisi huchagua kwa hesabu wala si kwa mazoea.

Hesabu hiyohiyo yaweza kurudishwa kwenye rada iliyotajwa mwanzoni. Mapigo 90 ya saa ya IBM PC ni maikrosekunde 19 hivi, na katika muda huo namba 11 za mwangwi zimekwisha kupita. Kengele kwa kila namba haiwezekani. Hata mchukuzi wa mashine ile, kwa namba ya baiti 2, angehitaji maikrosekunde 2.1, hali namba zinakuja kila baada ya 1.67. Kazi ya namna hiyo hudai basi pana zaidi, au akiba ndani ya kadi yenyewe, au vyote viwili. Lakini kanuni haibadiliki: namba nyingi huingia kwa njia ya moja kwa moja, na prosesa huitwa mara moja fungu linapokamilika.

KENGELE CHACHE, WAGENI WENGI

Mistari sita ya katizo ilionekana mingi mwaka 1981. Haukupita muda mrefu ikawa haba. IBM AT iliongeza kidhibiti cha pili kilichoning'inizwa kwenye mstari wa 2 wa kile cha kwanza, makatizo yakawa 15. Iliongeza pia mchukuzi wa pili, njia zikawa 7. Basi hilo lililopanuliwa ndilo lililokuja kujulikana kwa jina la ISA, na kompyuta nyingi za miaka ya 1990 zililitumia.

Taabu ilikuwa kwamba kadi mbili hazikuweza kushirikiana mstari mmoja kwa usalama. Kidhibiti kilipangwa kutambua tendo la volti kupanda. Kadi ya kwanza ikiisha kuupandisha mstari na kuushikilia, kadi ya pili haina cha kupandisha, na ombi lake halisikiki. Tena, kwa umeme wenyewe, kadi moja ikivuta mstari juu na nyingine ikiuvuta chini, hakuna anayejua ipi itashinda.

Mfano maarufu ni wa kadi ya mtandao ya NE2000, ambayo kwa kawaida ilitoka kiwandani imepangwa kutumia mstari wa 3. Mstari huo ndio uliotumiwa pia na mlango wa pili wa mawasiliano, ambako wengi walichomeka modemu. Kila kifaa kilifanya kazi vizuri kikiwa peke yake. Vikitumiwa pamoja, mashine ilikwama. Mtu asiyejua habari za mistari aliamini kwamba kadi imeharibika, akainunua nyingine ya aina ileile, na taabu ikabaki palepale. Aliyejua alifungua mashine, akahamisha kibanio kidogo cha kuunganisha pini, kiitwacho jampa, kutoka namba 3 hadi namba 5 iliyokuwa wazi, na kazi ikaendelea. Gharama ya dawa hiyo ilikuwa bisibisi na dakika kumi.

Basi la PCI, lililotolewa mwaka 1992, liliondoa sehemu kubwa ya ugomvi huo. Katika basi hilo kadi inayotaka kusikilizwa huuvuta mstari chini na kuushikilia hivyo mpaka ihudumiwe. Kadi nyingi zaweza kuuvuta mstari mmoja. Prosesa huuliza kila moja kama ndiyo iliyoita, humhudumia mwenye haja, na mstari ukiwa bado chini hujua kwamba yuko mwingine anayengoja. Katika basi hilo pia kadi yenyewe yaweza kuwa mchukuzi: huomba basi, hupewa zamu, na hupeleka data zake bila kipande cha katikati.

PCI Express, iliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, haina kabisa waya za katizo. Kadi inayotaka kusikilizwa huandika ujumbe mfupi katika anwani maalumu, kwa njia ileile inayopelekea data. Hivyo kengele imegeuka kuwa barua, na uhaba wa mistari umekwisha. Badala yake limekuja suala la ulinzi, kwa maana kadi yenye ruhusa ya kuandika popote katika kumbukumbu yaweza, kwa hitilafu au kwa hila, kuandika pasipostahili. Kwa hiyo kompyuta nyingi za siku hizi zina kitengo kinachokagua kila anwani itajwayo na kadi, mfano wa mlinzi anayesoma cheti cha mchukuzi kabla ya kumfungulia mlango wa ghala.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Serikali ya Tanzania ilianza kutumia kompyuta mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Kompyuta ndogo zilizokuja kuenea baada ya marufuku kulegezwa zilikuwa za ukoo wa IBM PC, na ukoo huo ulikuwa na sifa moja kubwa: IBM ilichapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi za mashine yake. Kila mstari uliotajwa hapa ulikuwa wazi kwa yeyote aliyeweza kusoma mchoro. Kompyuta ya zamani iliyo katika stoo ya shule, hata kama haiwaki, ingali ni kielelezo kizuri. Wanafunzi waweza kuhesabu miguso ya tundu, kusoma namba zilizochapwa karibu na jampa, na kuvitafuta vipande vya 8259 na 8237 kwa majina yake. Katika mashine za baadaye kidogo vipande hivyo vilikusanywa ndani ya kipande kimoja kikubwa, na kutambua jambo hilo nako ni somo.

Shule yenye kompyuta ndogo ya kufundishia, ile ya ubao mmoja inayotumia betri, yaweza kwenda mbele zaidi. Kipimamvua cha kikombe kinachopinduka hufunga swichi kila kikombe kinapojaa. Swichi hiyo ikiunganishwa na pini ya katizo, kompyuta yaweza kulala usingizi siku nzima ya jua bila kula betri, na kuamka kwa sekunde chache kila mvua inapopindua kikombe. Mwanafunzi ataona kwa macho yake tofauti kati ya mashine inayouliza kila mara na mashine inayongoja kuitwa.

Zoezi. Modemu inapeleka biti 9,600 kwa sekunde, na kila herufi huchukua biti 10. (a) Herufi moja hufika kila baada ya muda gani, na katika muda huo saa ya IBM PC hupiga mara ngapi? (b) Je, katizo kwa kila herufi linatosha, au pahitajika njia ya moja kwa moja? (c) Kipande cha mawasiliano cha 8250 huweza kushika herufi moja tu ikingoja kusomwa. Ikiwa programu nyingine imezuia makatizo kwa milisekunde 3, nini kitatokea? (d) Kipande cha 16550A kina akiba ya herufi 16. Jibu la (c) litabadilikaje?

Majibu. (a) Herufi ni 960 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 1.04, saa hupiga mara 4,970 hivi. (b) Katizo latosha, kwa kuwa gharama yake ni sehemu ndogo ya mapigo hayo. (c) Herufi mbili au tatu zitafika, na itasalimika ya mwisho tu. (d) Hakuna herufi itakayopotea.